Waliopigwa Pasi

“Mwanao ni mnyama, mkwe, na mnyama hafungiwi chumba kimoja na mtu...”

“Mwanangu ana mikono ya kazi. Huyo binti yako ndiye...”

“Mikono ya kazi ndiyo inachoma watu mgongoni?”

“...huyo binti yako ndiye mwenye mdomo. Miaka yote hii hata kelele ya mtoto hatujaisikia humo ndani, leo ndiyo mnatuletea kelele za pasi.”

“Usinitajie watoto. Usinitajie watoto, maana na mimi nitakutajia wa kwako.”

Hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake. Mama yangu na mama yake shemeji walisimama kwenye korido ya mahakama pua kwa pua, kila mmoja akimwaga maneno juu ya maneno ya mwenziwe, kama watu wawili wanaogombea bomba moja la maji. Watu waliokuja na kesi zao za mipaka na talaka walisogea karibu kidogo, maana kesi ya mwingine ni tamu kuliko yako. Na kwenye benchi, katikati ya hao wawili, dada yangu alikaa wima bila kuegemea ukuta. Wengine walidhani anaringa. Mimi nilijua mgongo wake ulikuwa bado hautaki kuguswa na kitu.

Nilijaribu kuwatenganisha kwa njia pekee niliyokuwa nayo. Nilijibanza nyuma ya nguzo, nikabana pua, nikatoa sauti ya karani wa mahakama:

“Wale wanaopiga kelele nje, mheshimiwa anauliza mngependa kuingia mahabusu pamoja au kwa zamu.”

Wakanyamaza kama redio iliyochomolewa. Mama yake shemeji alivuta shali lake, shali zito la sufu, siku ambayo hata kuta zilikuwa zinatoa jasho. Mama yangu, ambaye amenizaa na anazijua sauti zangu zote, aligeuka taratibu.

“Toka huko nyuma ya nguzo,” aliniambia. “Wewe siku nikifa utaigiza maiti.”

“Nikikuigiza wewe, mama, hawatazika. Maiti itakuwa bado inaongea.”

Dada hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike ukuta.

Shemeji alikuwa dobi, na watu walimwita hivyohivyo, Dobi, kana kwamba hakukuwa na mwingine duniani. Duka lake lilitazamana na geti la nyuma la mahakama. Sijui kama kulikuwa na wakili mmoja pale aliyesimama mbele ya hakimu na joho ambalo halikupita mikononi mwake. Majoho meusi, kola nyeupe, mashati, sare za polisi wa kituo cha jirani; hata bendera ya jengo, kunguru walipoichafua, ilipelekwa kwake. Alikuwa na mkono. Lazima niseme, maana nilimchukia kiasi kwamba ningeweza kujisahaulisha: alikuwa na mkono. Shati lililotoka kwake lilirudi kana kwamba halijawahi kuvaliwa na mtu mwenye mwili. Na alikuwa mpole. Karibu, mheshimiwa. Iko tayari, mheshimiwa. Aliongea kama alivyonyoosha nguo, taratibu, akianzia ukosini.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na meza mbili na mama aliyekuwa amepiga pasi dukani humo ujana wake wote. Dada alipoolewa alipewa meza ya mama mkwe. Aliipokea kama zawadi. Alikuwa anaimba huku anafanya kazi, na mawakili walikuwa wanamtania kwamba nguo zao zinarudi zikiwa na wimbo mfukoni. Kisha ikafika siku, siijui ni ipi, nyimbo zikakoma, na hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi niliyekuwa na kibanda cha fotokopi na kuchapa ukuta wa pili kutoka hapo.

Mimi waliniita Wakili Nusu. Nilisoma sheria mpaka mwaka wa tatu, kisha siku moja nikapata kipaza sauti cha chuo, nikaigiza mkuu wa kitivo, nikatangaza kwamba mtihani umeahirishwa. Kumbi zikawa tupu. Mkuu wa kitivo hakufurahi, na mtihani wangu umeahirishwa mpaka leo. Nilichobaki nacho ni vipande vya sheria, kama fundi aliyebaki na skrubu mkononi baada ya kufunga saa. Watu wakija kuchapa viapo vyao nilikuwa nawapa ushauri wa bure na utani wa bure, na sikujua mara nyingi kipi ni kipi.

Asubuhi moja, kabla ya mambo ya mahakama, dada alifika kabla sijafungua dirisha lote. Alisimama nje, mkono mmoja umeshika blauzi kwa mbele.

“Wewe ulisoma sheria,” alisema. “Mtu akikuchoma na pasi, inaitwaje?”

Nilidhani ni kitendawili.

“Inaitwa kuchelewa kazini,” nilimjibu, maana ndivyo nilivyo, mdomo hunitangulia mlangoni. Kisha nikaona kwa nini ameshika blauzi: alikuwa anaivuta mbele ili isiguse nyuma.

Niliweka chini karatasi zilizokuwa mkononi.

“Inaitwa shambulio la kudhuru mwili,” nilisema.

“Hata kama ni mume wako?”

“Hata kama ni mume wako.”

“Hata kama jana yake mlicheka pamoja?”

“Sheria haiulizi kama mlicheka.”

“Ingeuliza,” alisema dada. “Ingeuliza, ningejua pa kuanzia kueleza.”

Alieleza baadaye, vipande vipande, mama akiwa anampaka dawa na mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Kola ya wakili mmoja ilikuwa imeungua kidogo, alama ya kahawia isiyofika ukubwa wa kucha. Dada ndiye aliyeiunguza. Aliomba radhi, akageuka kwenda kuning’iniza joho. Akasikia mkono wa kushoto wa mumewe unatua shingoni kwake, polepole, kama unavyoshika shati lisiteleze mezani. Kisha ukaja ule wa kulia.

“Akasema, ili ujue nguo inavyosikia,” dada alisema. “Wala hakupaza sauti.”

Tulienda kituoni. Afisa wa mezani alitusikiliza kidevu kikiwa kimelala kiganjani. Niliitazama suruali yake. Ilikuwa na mkunjo mmoja kutoka kiunoni mpaka kiatuni, mkunjo wa kukatia mkate, nikautambua mkono ulioupiga.

“Haya ni mambo ya ndani,” alisema. “Kaongeeni nyumbani. Dobi namfahamu, si mtu wa fujo.”

“Hatukuja kuuliza tabia ya Dobi,” nilisema. “Tumekuja kushitaki.”

“Nani aliona?”

“Ukuta,” dada akamjibu.

Afisa alitabasamu kama mtu aliyeshinda karata. “Basi mleteni ukuta aje aandikishe maelezo.”

Mimi ndiye mtu wa mizaha katika familia yetu. Siku ile nilijifunza mzaha unavyouma ukiwa umekaa upande wa pili wa meza.

Kulikuwa na mlango mwingine, na huo niliukumbuka kutoka kwenye mhadhara mmoja ambamo kwa maajabu sikusinzia. Unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi bila kusubiri polisi waamke. Hiyo si kesi ya kumfunga mtu, kwa hiyo hakimu hatafuti kuondoa kila shaka. Anatafuta tu upande upi ni mzito zaidi. Anaweza kumwambia mume atoke nyumbani hata kama nyumba ni yake. Nilichapa maombi mwenyewe. Daktari wa zahanati akaandika na kuchora alichokiona, na alichokiona kilikuwa na umbo la pasi. Hakimu akatoa amri ya muda: Dobi asikanyage nyumbani wala dukani, akae kwa mama yake, mpaka pande zote zisikilizwe.

Dobi alisoma amri ile akiwa amesimama mbele ya kibanda changu. Aliisoma yote. Akaikunja vizuri, kona kwa kona.

“Shemeji,” aliniambia, “hati ya nyumba ina jina langu. Mtu anafukuzwaje kwake?”

“Kwa amri, shemeji. Si unaiona, imepigwa pasi safi kabisa.”

Aliipenda hiyo. Alicheka kidogo, akanipiga bega kwa upole.

“Nitarudi,” alisema. “Nguo chafu haziishi.”

Hicho ndicho kilichokuwa mezani siku ya korido. Ikithibitishwa amri, dada angelala na mlango wake umefungwa na ufunguo wake mwenyewe. Ikitupwa, Dobi angerudi jioni ileile na ufunguo wake, akatundika koti kwenye msumari wake, na dada angejifunza kwa mara ya pili nguo inavyosikia. Hakukuwa na ya katikati.

Miaka imepita. Kibanda nilikihamisha, mashine ya fotokopi nimebadilisha mara kadhaa, na meno mawili matatu pia. Lakini nikipita karibu na dirisha la hoteli nikasikia pasi ya mvuke inapumua ndani, mabega yangu hupanda yenyewe. Na mimi sikuguswa. Mimi nilikaa tu kwenye viti vya watazamaji, nimebana ulimi kwa meno.

Maana hilo ndilo lililoniua. Wakili Nusu haruhusiwi kusema mahakamani, hata robo. Dada alisimama peke yake. Dobi alikuwa na wakili tuliyemwita Kola, kwa sababu ya namna alivyokuwa akiigusa kola yake kila baada ya sentensi, kuhakikisha bado ni nyeupe. Ilikuwa kola ya Dobi, na joho la Dobi. Mambo yalivyoanza tu, hakimu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitazama kundi lote lile la majoho meusi yaliyonyooka akasema:

“Kabla hatujaendelea, ijulikane kwamba joho langu nalifua na kulinyoosha mwenyewe.”

Tuliliona. Lilikuwa limekunjamana kama jani la kabichi. Nilimpenda papo hapo.

Dada alieleza kwa maneno machache. Kisha Kola akainuka.

“Kazi yako nini, bibie?”

“Napiga pasi.”

“Toka lini?”

“Toka nimeolewa.”

“Na katika muda wote huo, umewahi kuungua?”

Nilitaka kupiga kelele, nimwambie usijibu hivyohivyo, huo ni mtego, ongeza neno. Karani aliniangalia kwa jicho moja. Sijui kama alikuwa ameshasikia kuhusu nguzo.

“Kila dobi huungua,” dada alisema.

“Asante,” alisema Kola, kama mtu anayefunga mlango. “Na siku hiyo unayoisema, ulimwona mumeo akikuchoma? Kwa macho?”

“Nilikuwa nimempa mgongo.”

“Kwa hiyo hukumwona.”

“Nilisikia mkono wake shingoni.”

“Sikuuliza ulichosikia. Hukumwona.”

“Sikumwona.”

Kola aligusa kola yake, akakaa.

Dobi alipopanda kizimbani alikuwa kama alivyo siku zote. Alisema anampenda mke wake. Alisema chumba cha kazi ni chembamba, meza mbili, pasi mbili, mkigeuka mnagongana. Alisema angekuwa mtu mbaya, mawakili wote hawa wangempa nguo zao? Wawili watatu kati yao waliinamisha vichwa kutazama vifua vyao. Niliona mizani ikilalia upande wake. Niliona hata mgongo wa dada ukiona.

Ndipo Kola akamwita mama yake Dobi, awe shahidi wa mambo ya kazi.

Alipanda na shali lake. Kulikuwa na kiti ndani ya kizimba, lakini alikataa kukaa. Alisimama kama mtu anayepigwa picha. Aliapa, akaulizwa kama dobi kuungua ni jambo la ajabu, na hapo tukamwona akikua. Alikunja mkono wa kulia wa blauzi, huo mmoja tu, mpaka kwenye kiwiko.

“Hii hapa ni ya pasi ya makaa. Cheche iliruka. Hii ya umeme, ile ya kwanza kabisa, ilikuwa inanitetemesha mpaka kwenye meno. Hii sikumbuki. Hizi zote, mheshimiwa, ni kama vidole vya mwalimu. Nani aliyepiga pasi asiwe na alama? Hao wanaolia leo wangeanzia kwenye makaa, tungewasikia mpaka mwezini.”

Watu walicheka. Hata hakimu alikunja mdomo. Nilifumba macho, maana alikuwa ametushinda na alikuwa ametushinda vizuri.

“Asante mama,” alisema Kola. “Inatosha.”

Na ingetosha. Angeshuka wakati ule, Dobi angelala kwake. Lakini mama yangu, kwenye benchi la mbele, alisonya. Alikuwa na msonyo mrefu, wenye mwanzo na mwisho, na mwishoni akaongeza, kwa sauti anayodhani ni ya kunong’ona:

“Mkononi sawa. Mgongoni je? Uligeuza shingo kama bundi?”

Hakimu alinyanyua kalamu amwonye. Hakuwahi. Mama yake Dobi alikuwa ameshageuka, amemsahau wakili, amemsahau hakimu, amerudi kwenye korido.

“Hata mgongoni, mkwe. Mgongo wa binti yako ni wa malkia? Hata mimi ninayo, na sikumpeleka mtu popote.”

“Mama, inatosha,” Kola alirudia.

“Haitoshi. Ananionaje huyu?” Na akageuka kutupa mgongo, akashusha shali na ukosi wa blauzi kwa pamoja, upande wa kushoto.

Alama ilikuwa ya zamani, imeng’aa kama nta, na ilikuwa na umbo la pasi. Ilikuwa chini kidogo ya bega, ncha ikitazama chini, kisigino kikiwa juu karibu na shingo. Dada alisimama. Hakuambiwa asimame, alisimama kama mtu aliyejiona kwenye kioo asichokitegemea. Daktari alikuwa ameshachora ya dada kwenye karatasi iliyokuwa mbele ya hakimu. Hakimu aliitazama karatasi, akautazama mgongo, akairudia karatasi.

“Mama,” alisema, “hiyo uliipataje?”

“Niliegemea pasi.”

“Pasi ilikuwa wapi?”

“Mezani. Pasi inakaa wapi?”

“Na meza ilikuwa inakufika wapi?”

“Hapa,” alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni. Ukabaki hapo.

Kulikuwa na feni juu ya dari iliyokuwa ikigonga kila mzunguko. Sikuwa nimeisikia toka asubuhi.

“Hebu tuonyeshe ulivyoegemea,” alisema hakimu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kweli kujua.

Kola aliinuka. “Mheshimiwa, shahidi wangu ni mtu mzima...”

“Kaa, wakili.”

Mama yake Dobi alijaribu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba alijaribu kwa dhati. Alirudi nyuma hatua, akapinda magoti, akainamisha mgongo akitafuta kwa bega lake meza ambayo haikuwepo. Akaona haifiki. Akapinda zaidi. Mwanamke mwenye umri ule, shali limening’inia, anatafuta ajali yake mbele za watu. Hakuna aliyecheka. Nadhani alikuwa ameisimulia hadithi hiyo miaka mingi sana, jikoni, kwa majirani, kwa mwanawe mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba aionyeshe.

Akasimama wima tena, anahema.

“Marehemu mume wangu,” alisema, “alikuwa mtu wa kazi sana. Alikuwa hapendi...”

“Mama,” alisema Dobi. “Kaa chini.”

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile ya karibu mheshimiwa, iko tayari mheshimiwa. Na mama yake akakaa. Alikaa ghafla, mabega yamepanda mpaka masikioni, kiti kikalia chini yake. Na sauti ya pili ikasikika upande wetu, benchi likalia pia, tukageuka wote. Dada alikuwa amekaa. Mabega yake nayo yalikuwa masikioni. Hakuna aliyemwambia yeye. Wanawake wawili, kila mmoja upande wake wa mahakama, walikaa kwa neno moja kama mbao mbili za mlango uleule.

Hakimu alikuwa ameacha kuandika. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akamtazama Dobi kwa muda, na kwa mara ya kwanza niliona kwenye shati la shemeji yangu mkunjo ambao hakuupanga.

“Mama, ulikuwa unataka kusema nini?”

Mama yake Dobi alimwangalia mwanawe kwanza.

“Nimemaliza,” alisema.

Hakimu aliondoka, akakaa ndani muda wa mtu kunywa chai, akarudi na joho lake la kabichi. Alisoma kwa sauti ya kawaida. Alisema sheria haimtaki mtu awe na macho kisogoni ndipo aaminiwe. Alisema kuhusu mizani yale yale niliyoyasikia kwenye mhadhara, ila kwake yalikuwa na uzito. Alisema amri inathibitishwa: mlalamikiwa asimkaribie mke wake, nyumbani wala kazini, na funguo azikabidhi kwa karani kabla ya kutoka kwenye jengo. Mama yangu alinibana mkono mpaka nikahisi mfupa. Dada hakufanya chochote. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa jina la dawa.

“Na kwa kuwa mahakama inapaswa kujua mlalamikiwa atakuwa wapi,” hakimu alimalizia, “ataendelea kuishi alikokuwa akiishi wakati wa amri ya muda, yaani kwa mama yake.”

Lilikuwa jambo dogo, mstari wa mwisho, la kuweka mambo sawa. Watu walikuwa wameshaanza kuinuka. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama mama yake Dobi wakati likisomwa, kwa sababu nilitaka kumwona ameshindwa. Nilikuwa nimeisubiri raha hiyo. Nikaona mkono wake wa kulia ukienda ndani ya shali, ukaushika ule wa kushoto juu ya kifundo, ukaukumbatia. Ule ambao hakuukunja kutuonyesha.

Nje kwenye korido jua lilikuwa limefika kwenye mabenchi. Kola alikuwa anavua joho, analishika kwa ncha za vidole kama kitu alichokiazima. Dobi aliweka funguo zake mbele ya karani, moja baada ya nyingine, zikiwa zimepangwa. Alipopita mbele yangu alinitikisia kichwa.

“Shemeji,” alisema.

Niliinama nikaifunga upya kamba ya kiatu.

Mama yangu hakuinama. Alikuwa amesimama palepale alipoacha asubuhi, ameshajifunga kiuno kwa maneno, akingoja. Mama yake Dobi akatoka, akaja moja kwa moja mpaka mbele yake, na wale wenye kesi za mipaka na talaka wakasogea tena karibu.

“Haya, mkwe,” mama alianza. “Umeona sasa? Umeona mambo ya mwanao? Nilikwambia toka asubuhi, na ukasimama hapa ukanitajia...”

Mama yake Dobi hakumkatiza. Hilo peke yake lilimfanya mama apunguze mwendo, kama mtu anayesukuma mlango akakuta haujafungwa.

“Mama, twende,” Dobi aliita kutoka ngazini, kwa upole. “Gari inangoja.”

Shali lilikuwa limeteleza. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kulikuwa na alama nne za vidole, zimejipanga, na ya tano upande wa pili, na hizo hazikuwa za makaa wala za umeme, wala hazikuwa za zamani. Dada aliziona. Mama akaziona. Mama yake Dobi akavuta shali polepole, si kama mtu anayeficha, kama mtu anayesikia baridi.

“Mama,” iliita tena sauti ya ngazini.

Hakugeuka. Alimtazama mama yangu, usoni, mwanamke aliyekuwa akimtukana toka asubuhi, na alipozungumza aliongea kwa sauti ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

“Mkwe,” alisema, “kwenu kuna pa kulala?”